Kutazama Watu kwa Dirisha la Gari

Ukisimama asubuhi katika lango la Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, utaona magari yenye paa la kuinuka yakiingia moja baada ya jingine. Abiria wamesimama ndani, vichwa vimetokeza juu ya paa, kamera zinaning'inia vifuani, na mwongozaji anawaonyesha simba, kifaru na twiga. Sina ugomvi nao. Simba hajui kwamba anatazamwa, na kama anajua hajali. Ugomvi wangu, msomaji, huanza baada ya chakula cha mchana, wakati baadhi ya magari hayo hayo, na vumbi la mbuga lingali juu ya magurudumu, yanapogeuzwa kuelekea Kibera ili abiria wale wale waonyeshwe watu. Ziko ratiba za safari ambamo mambo hayo mawili huandikwa katika ukurasa mmoja: asubuhi wanyama, alasiri maskini.

Nataka kukushawishi kwamba ziara ya namna hiyo ni kosa. Sisemi kwamba ni kosa la adabu tu, ingawa adabu nayo imo. Nasema ni kosa dhidi ya elimu, maana mtazamaji hupewa uongo, akaurudisha kwao akidhani kuwa ni maarifa. Tena naandika kama mtu aliyelitenda kosa lenyewe, wala sikulitenda nikiwa mgeni kutoka Ulaya. Nililitenda nikiwa mwalimu, Mkenya, na nyuma yangu walikaa vijana 30 waliokuwa wakijifunza kazi ya ualimu.

Katika chuo ninachofundisha tulikuwa na somo juu ya shule na jamii. Wanachuo waliomba safari ya mjini, nami nikaona ni jambo jema waione mitaa ambamo wengi wao wangepelekwa kufundisha. Fedha zilichangwa. Kamati ya wanachuo haikulitaka basi la chuo, ambalo ni kuukuu. Ilikodi matatu ya zile ambazo vijana wa Nairobi huziita nganya. Kwa haki nitasema kwamba nganya ni kitu cha kutazamwa. Ubavuni imechorwa nyuso za wanamuziki na wacheza kandanda kwa ustadi ambao wachoraji wengi wa shule hawaupati. Ndani mna taa za kila rangi, na muziki hupigwa hata viti vikatetemeka. Jina la matatu lenyewe ni kumbukumbu ya nauli ya zamani, sarafu tatu za senti kumi. Serikali iliyaruhusu magari hayo kufanya kazi bila leseni ya mabasi mwaka 1973. Mwaka 2004 sheria kali ziliyavika mstari wa manjano, mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo, watu wakadhani mapambo yamekwisha. Lakini rangi zilirudi. Siilaumu nganya. Chombo hicho kimeundwa kwa ajili ya abiria, na hapo ndipo aibu yangu ilipoanzia.

Tulipita Lavington, penye malango marefu na miti ya kivuli, tukateremka mpaka Kawangware. Kutoka lango la mwisho la tajiri hadi kibanda cha kwanza ni mwendo wa dakika chache, na wanachuo walinyamaza kwa mshangao. Watoto walishangilia walipoiona nganya, wakidhani ni gari jipya la njia ya 46. Mama mmoja aliyekuwa na kikapu cha sukuma wiki akainua mkono ili apande. Dereva alipunguza mwendo kwa mazoea. Makanga akachungulia, akamwambia kwamba gari limekodiwa, akaufunga mlango. Yule mama akabaki na mkono wake juu, akatutazama tulivyokuwa tukimtazama. Gari lililotengenezwa kumchukua yeye sokoni lilikuwa limekuja kwake likiwa na nafasi, nalo likamwacha, kwa sababu siku ile yeye hakuwa abiria. Alikuwa sehemu ya mandhari.

Sikulielewa jambo hilo palepale. Nilisimama mbele na kipaza sauti, nikaendelea na maelezo yangu.

Kibera tuliingia kwa upande wa Makina, tukasogea hadi tulipoweza kuiona reli. Reli ile ni ya zamani. Ilifika Nairobi mwaka 1899 na kuendelea magharibi, na sasa watu huitumia kama njia ya miguu, kama soko, na kama mahali pa kusimama na kuzungumza. Nikawaonyesha wanachuo mabati, mitaro, na mabomba ya maji yaliyoinuliwa juu ya nguzo. Simu zote zilikuwa madirishani zikipiga picha. Mwanachuo mmoja tu hakutazama. Alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu, naye alizifunga kwa muda mrefu kuliko viatu vyovyote vinavyohitaji.

Siku ya tatu alinifuata ofisini. Akasema, "Mwalimu, yule mama aliyekuwa akianika nguo karibu na reli, mliyempiga picha, ni mamangu." Nikamwuliza kwa nini hakusema, tungesimama tukamsalimu. Akajibu kwamba alitaka kumpungia mkono, lakini alihofu mamake angedhani kuwa yeye naye amekuja kumtazama.

Sasa, kijana unayesoma, yamkini umekwisha kuitayarisha hoja ya kunijibu. Utasema kwamba jicho lisipoona, moyo hauwezi kuhurumia. Heri mtu aje na kuona kuliko abaki kwake na kujidanganya kwamba dunia nzima ina mfereji wa maji jikoni. Hoja hiyo ni kongwe, na kwa kuwa ni kongwe, tunaweza kuipima kwa matokeo yake. Katika miaka ya 1880 matajiri wa London walizoea kupanda magari ya farasi usiku kwenda mitaa ya mashariki, Whitechapel na Shoreditch, ili wawaone maskini wa mji wao. Desturi hiyo ilienea hata ikapata jina lake katika Kiingereza. Wengine walikwenda kwa moyo wa kusaidia, tena wako waliohamia huko na kufanya kazi za haki kabisa. Lakini wengi walikwenda kwa kuwa walichoka na dansi. Baada ya mwaka 1900 desturi ikawa biashara huko New York: magari makubwa ya wazi yaliwachukua wageni mpaka mtaa wa Wachina, mwongozaji akipaza sauti kwa tarumbeta la kusemea. Na kwa kuwa mtaa wa Wachina ulikuwa na watu wa kawaida wanaofua nguo na kuuza vyakula, jambo lisilotosha kumtoa mtu fedha mfukoni, waongozaji walitengeneza mapango ya afyuni ya kuigiza, wakawalipa watu wajifanye wamelewa. Wageni walirudi wakitetemeka kwa furaha, wameona kwa macho yao wenyewe. Tangu miaka ya 1990 magari ya jeep yasiyo na paa yamepandisha watalii katika mtaa wa Rocinha huko Rio de Janeiro kwa mpango ule ule.

Uone jinsi ilivyokuwa New York. Mtazamaji alinunua umaskini, na muuzaji akalazimika kuhakikisha kwamba bidhaa haipungui. Ndivyo ilivyotokea kwetu, ila bidhaa yetu ilikuwa hesabu. Kwa miaka mingi kila mgeni wa Kibera aliambiwa kwamba hapo wanaishi watu milioni moja, na wengine waliongeza. Iliandikwa magazetini, ikasemwa na waongozaji na waomba misaada. Mimi mwenyewe niliisema katika kipaza sauti cha nganya. Sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu, ilipata watu 170,070. Wako wanaobisha kwamba sensa ilipunguza, na hesabu ya mtaa wenye vyumba vya kupanga na watu wanaohamahama si kazi rahisi. Lakini tofauti ya mara tano na zaidi haitokani na ugumu wa kuhesabu. Inatokana na ukweli kwamba hakuna aliyepata faida kwa kusema idadi ndogo. Huruma ya dirishani haikumfanya mtu mmoja aulize mlijuaje.

Wala si hesabu tu. Mpaka mwaka 2009 Kibera, ambayo ilikwisha kupigwa picha kuliko mtaa mwingine wowote wa Afrika Mashariki, ilikuwa karibu tupu katika ramani za umma. Mwaka 2005 sinema iitwayo The Constant Gardener, iliyopigwa kwa sehemu hapo, ilionyeshwa ulimwenguni. Mwaka 2006 Barack Obama, wakati huo seneta wa Marekani, alifika na kuhutubia. Biashara ya kuwatembeza watalii ilikua katika miaka hiyo. Walakini mtu aliyetaka kujua zahanati iko wapi, au choo cha jumuiya, au shule, hakuweza kuipata ramani ya kumwonyesha. Vijana wa Kibera wenyewe, mwishoni mwa mwaka 2009, walichukua vyombo vya kupimia mahali, wakatembea kila kichochoro cha Kianda, Gatwekera, Lindi, Laini Saba na vinginevyo, wakachora. Kazi hiyo huitwa Map Kibera. Haikuhitaji gari. Nakuuliza: kati ya wale vijana na mimi niliyekuwa na kipaza sauti, ni nani aliyekwenda kuona?

Dirisha la gari lina ila nyingine. Huonyesha bati, lakini haliwezi kuonyesha hati. Mtu akitaka kuifahamu Kibera hana budi kuanza na ardhi. Jina lenyewe ni la Kinubi, nalo maana yake ni msitu. Wanubi, askari wa jeshi la King's African Rifles waliotoka Sudani, walikaa hapo tangu mwanzo wa karne ya ishirini kwa idhini ya jeshi, na mwaka 1918 mahali hapo palitangazwa kuwa ardhi ya kijeshi. Walipewa ruhusa ya kuishi. Hati ya kumiliki hawakupewa. Ardhi ikabaki ya serikali, wajukuu wa askari wakahesabiwa kuwa wageni katika nyumba walimozaliwa, na watu wengine walioitwa mjini na kazi wakaja kupanga vyumba juu ya ardhi isiyo ya mwenye chumba wala ya mpangaji. Ilipofika mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipopewa hati ya ekari 288. Ekari hizo ni kipande kidogo tu cha ardhi waliyoijua babu zao. Wengi wa wakazi waliosalia ni wapangaji, na aghalabu mwenye nyumba haishi hapo. Sasa, mtaro mchafu ambao mtalii huupiga picha ni matokeo ya habari hiyo ndefu. Mtu asiye na hati huogopa kujenga kwa mawe, na mji usioutambua mtaa hauoni haja ya kuupelekea bomba la maji taka. Utaonaje hayo kwa dirisha? Utaona uchafu, nawe utadhani kwamba wakazi ni watu wachafu. Huo ndio uongo niliousema.

Hata barabara unayopita ina habari yake. Mwezi wa Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera na kubomoa nyumba za maelfu ya watu ili barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ipite. Barabara ni nzuri. Gari la mgeni hupita hapo kwa raha, na mwongozaji asiposema kitu, mgeni hawezi kujua kwamba amepita juu ya sebule za watu.

Iko hoja nyingine, ya fedha: kwamba ziara huwapa wakazi riziki. Kwa vijana wa Kibera wanaoongoza wageni kwa miguu, na kwa mafundi wanaochonga mapambo ya mifupa, ni kweli, nami siwaonei wivu. Wanauza jasho lao kama mimi ninavyouza langu. Lakini fedha za gari la hoteli hubaki hotelini. Zaidi ya hayo, mama aliyepigwa picha akianika nguo hakuuliziwa bei.

Kennedy Odede, aliyelelewa Kibera na baadaye akaanzisha jumuiya ya Shining Hope for Communities mwaka 2004, aliyaandika haya mwaka 2010 katika gazeti la New York Times kwa uchungu unaopita wangu, kwa kuwa yeye alikuwa upande wa pili wa dirisha. Alieleza kwamba alikuwa na umri wa miaka 16 alipoiona ziara ya namna hiyo mara ya kwanza. Alikuwa nje ya chumba chao akiosha vyombo, hajala kwa siku mbili, na mwanamke mgeni akampiga picha. Akajiona kama mnyama katika tundu. Msomaji, wewe una umri wa karibu na huo. Jiweke mahali pake dakika moja: sufuria mkononi, tumbo tupu, na mgeni ambaye hakuuliza hata jina lako anakwenda nyumbani na uso wako.

Lakini nisieleweke vibaya. Wako waheshimiwa wanaochukia watalii Kibera kwa sababu nyingine: wanaona aibu, wangependa mtaa ufichwe kwa ukuta ili mgeni aone majengo marefu tu. Hao sina safari nao. Aibu yao ni ya mtu anayefunika kidonda bila kukisafisha. Kibera na Kawangware ni Nairobi. Wapishi, walinzi, mafundi, makarani na walimu wa mji huu hulala huko, na mji mzima ungesimama asubuhi moja kama hawangetoka. Ninachokitaka si kwamba watu wasiende. Ninataka waende kama watu wanavyokwenda kwa watu.

Tena wewe usicheke ukidhani kwamba haya ni makosa ya Wazungu. Ni mara ngapi shule zetu za Nairobi zimekodi basi kwenda Kawangware na unga, sabuni na kamera? Wanafunzi hupangwa mstari, wenyeji hupangwa mstari wa pili, pakiti moja ya unga hushikwa na mikono miwili, mmoja wa kutoa na mmoja wa kupokea, hata picha ipatikane vizuri. Pakiti huliwa kwa siku mbili. Picha hukaa katika jarida la shule miaka mingi, na mtoto aliyepokea huenda siku moja akajiunga na shule hiyo hiyo akaiona ukutani. Kama uko katika kamati ya wanafunzi, na safari ya namna hiyo ikiletwa mezani, simama uulize: tumealikwa na nani? Tukifika tutakaa kwa nani? Wao wamekwisha kuja kwetu? Mwalimu wako akikasirika, mwambie umeyasoma haya kwa mwalimu.

Utaniuliza kama kuna njia iliyo bora. Zipo. Huko Mumbai, katika mtaa wa Dharavi, iko kampuni ya kutembeza wageni iliyokataza kamera kabisa. Watu hutembea kwa miguu na kuonyeshwa karakana na kazi zinazofanywa humo. Sisemi kwamba hilo limeondoa ubaya wote, lakini kamera ikitoka mkononi, mtu hulazimika kutumia kinywa chake, na pengine kusalimu. Kwetu sisi Wakenya njia ni fupi zaidi, maana hatuhitaji kampuni. Panda matatu ya namba 8 au ya namba 46 pamoja na wanaokwenda kwao, lipa nauli wanayolipa, shikilia kikapu cha jirani yako anapotafuta sarafu. Nenda kwa mtu unayemjua. Kama katika mji wa kilomita chache hivi humjui hata mtu mmoja wa Kibera, basi hilo ndilo jambo la kwanza ulilopaswa kuligundua, nawe waweza kuligundua ukiwa umekaa nyumbani.

Nilimwomba msamaha yule mwanachuo. Hakuniambia kwamba amenisamehe. Alisema tu kwamba Jumamosi mamake huwa nyumbani. Tulikwenda watatu, yeye, mimi na mwanachuo mwenziwe aliyekuwa amepiga picha ile, naye akaifuta kwenye simu mbele yetu tukiwa garini. Tulishuka, tukatembea, tukavuka reli. Nilinunua sukari na majani ya chai njiani kama mgeni yeyote anavyofanya.

Mama alitupokea, akatufutia viti. Aliuliza habari za safari, za chuo, na kama mtoto wake anahudhuria masomo. Baada ya chai alitaka kujua kama ni kweli kwamba gari lile lenye kelele, lililopita wiki mbili zilizopita na kumwamsha mtoto mchanga wa jirani, lilikuwa letu. Nikakiri. Akasema aliliona likisimama, akadhani limepotea njia, naye alikuwa karibu kuja kutuelekeza. Kisha akarudi kwenye jambo alilokuwa amelikusudia tangu mwanzo, akaniuliza mafunzo ya kufundisha darasani yataanza lini, kwa kuwa mtoto alihitaji viatu vyeusi na yeye alitaka kujua amebakiza majuma mangapi ya kuvitafutia fedha. Nikamwambia ni majuma sita.